Siku ya Familia Ziwani Kigoma: Namna ya Kuipanga ili Mama Naye Apumzike

Kila ikifika likizo ya Juni maswali huwa yale yale. Mama amewapeleka wanawe ziwani, amerudi hoi kuliko siku ya kufua mablanketi. Wali umechacha saa nane. Mdogo amemeza maji akakohoa mpaka watu wakajaa. Bajaji ya kurudi haikuonekana. Yeye mwenyewe hakulowesha hata kisigino. Kisha anauliza apike nini safari ijayo.

Chakula si tatizo, au ni tatizo dogo. Siku hiyo ina kazi nne: kupika, kulinda watoto, kutunza mizigo na kushughulikia usafiri. Zote nne zinadai macho, na kwetu zote huachiwa mtu mmoja. Ukizigawa kabla ya kutoka nyumbani, ziwa letu la Tanganyika ni starehe ya bei nafuu kuliko zote mkoani. Usipozigawa, umehamisha jiko lako kutoka mtaani Mwanga kulipeleka mchangani.

Mwongozo huu ni wa familia ya watu sita hadi kumi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwenye fukwe za Kigoma Mjini na Ujiji. Anayetaka Gombe ajue ile ni safari nyingine kabisa: hakuna barabara, ni boti tu, na kuna ada za hifadhi.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya hivi vyote siku moja kabla, uviweke pamoja mlangoni.

Vya majini
- Filimbi moja yenye kamba ya shingoni. Matumizi yake yako hatua ya 7, usiiache.
- Dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya manila ya mita 10 hivi kwenye mkono wake. Hili ndilo boya lako la kurushia.
- Jaketi okozi kwa asiyejua kuogelea, kama unaweza kupata la kuazima au kukodi. Tyubu ya gari haichukui nafasi yake.
- Fimbo ndefu iliyonyooka ya kupimia kina, na vijiti viwili vya kuchomeka mchangani.
- Yeboyebo kwa kila mtoto. Ndala huchomoka majini.
- Miwani ya kuogelea, hata moja tu.

Vya kukalia na kuvaa
- Mkeka mkubwa au turubai, na kanga nne au zaidi za kivuli.
- Taulo moja kwa kila mtu. Familia nyingi hubeba mbili kwa watu wanane, halafu watoto wanakauka kwa upepo. Huko chini nitaeleza kwa nini hilo ni baya.
- Sweta za watoto. Ni kiangazi, ndiyo, lakini jioni za Juni na Julai zina baridi, hasa kwa aliyetoka majini.

Vya kula na kunywa
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa: lita 2 kwa mtu mzima na lita moja na nusu kwa mtoto. Dumu la lita 20 linatosha watu kumi.
- Dumu jingine la maji safi ya kunawa mikono, na sabuni.
- Deli lenye barafu, hotipoti, jiko la mkaa, wavu wa kuchomea, kisu, ubao, chumvi, ndimu.

Vya dharura
- Plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, pakiti za ORS, dawa ya homa.
- Simu moja yenye chaji kamili, isiyotumika kwa picha.
- Fedha ya nauli ya kurudi, imetengwa, haiguswi.
- Kiroba cha taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo vikapu vitakufaa kwa mengine yote.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia upepo na mwezi

Wengi huchagua Jumapili kwa sababu ni Jumapili. Angalia mambo matatu zaidi.

Kwanza upepo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi hupiga kwa kufuata urefu wa ziwa, na ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Wimbi lililosafirishwa umbali huo linafika kwetu limekwisha kukua. Jioni ya kuamkia safari, teremka mwaloni, pale maboti na mitumbwi inapotia nanga, uulize wanaosafirisha abiria. Wakikwambia kesho hawaondoki, nawe usiondoke. Ukiona povu jeupe juu ya mawimbi mbali na ufukwe, ahirisha, hata kama watoto watanuna.

Pili mwezi. Mitumbwi ya dagaa na migebuka hufanya kazi gizani kwa taa, maana samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na samaki anayepatikana anapanda bei. Kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo Ujiji karibu kila nyumba inayo, siku za kuepuka ni takriban tarehe 13 hadi 17 za mwezi mwandamo kama nia yako ni kuchoma samaki.

Tatu, uliza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kipindi hicho kinaangukia likizo yenyewe. Usiwaahidi watoto mgebuka wa kuchoma kabla hujaenda mwaloni ukajua hali ikoje mwaka huu.

*Umefaulu kama:* una siku moja kuu na siku moja ya akiba, na kila mtu nyumbani anajua kwamba uamuzi wa mwisho unatolewa asubuhi.

## Hatua ya 2: Uone ufukwe kwanza

Usitegemee kumbukumbu ya utotoni. Maji ya Tanganyika yalipanda sana kuanzia 2020, na tena 2024, yakala fukwe, nyumba na barabara za mwambao. Pale ulipoogelea ukiwa msichana huenda sasa pana msingi wa nyumba chini ya maji, kisiki, nondo, au shimo la choo lililozama. Juu huoni kitu, maji yanameremeta tu.

Nenda siku moja au mbili kabla, au umtume baba watoto. Hakikisheni haya.

Maji yanatembea, hayajatuama. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye matete na nyasi. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi, au wa mawe, una nafuu, ingawa nafuu si kinga. Epuka vighuba vya matete, na mahali watu wanapofulia, kuoshea vyombo au kujisaidia.

Hapako karibu na mdomo wa mto. Luiche na Malagarasi zote zinaingia ziwani kusini mwa Ujiji, na midomo ya mito ndiyo makao ya mamba na viboko. Maji yake pia huwa machafu. Waulize wavuvi wa pale pale, wala usiulize mjini: "Mzee wangu, hapa mamba huonekana?" Mvuvi hana sababu ya kukudanganya, yeye huingia maji hayo usiku.

Hapapiti boti. Kibirizi ni pazuri kwa kununua samaki na kuangalia pilikapilika za maboti ya kaskazini, lakini si pa kuogeshea watoto. Kuna injini, dizeli na kamba za nanga.

Pana choo, au mahali pa faragha mbali na maji. Mama mwenye mabinti wakubwa anajua kwa nini hili liko kwenye orodha.

Kwa anayetaka urahisi, ufukwe wa Jakobsen kule Mwamahunga, ng'ambo ya Katonga, una mchanga msafi na utulivu, ila unalipa kiingilio. Piga hesabu ya watu wote kabla. Fukwe za wazi hazina malipo lakini kila kitu unajihudumia. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka mitano mimi ningelipa kiingilio na kupunguza soda.

Penye miti na mawe tarajia tumbili. Anajua kufungua kikapu kuliko mtoto wako.

## Hatua ya 3: Kikao cha usiku wa kuamkia

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na hapa ndipo siku inapoharibikia. Baada ya chakula cha usiku kaeni dakika kumi, mgawane kazi kwa majina. Usiseme "tutasaidiana". Kila mtu akisikia "tutasaidiana" anamwangalia mama.

Mgawo unaofanya kazi kwa familia nyingi ni huu:

- Macho ya majini: watu wazima watatu au wanne kwa zamu, baba na mjomba wakiwemo. Mtoto wa miaka 12 si mlinzi, hata kama anaogelea kama kambale.
- Moto na samaki: mtu mmoja. Mpe kijana wa kiume kama yupo. Akina kaka wanaojidai hawajui kupika huwa mafundi ghafla mbele ya jiko la mkaa.
- Mizigo na vyakula: bibi au shangazi ambaye hata hivyo hataki kuingia majini. Ndiye anayeruhusu nani ale nini, na lini.
- Usafiri na fedha: mtu mmoja, mwenye namba ya dereva.

Mama anapewa kazi moja tu kati ya hizo. Moja. Kama nyumbani mpo watu wazima wawili tu, mwombe dada au jirani aje na wanawe. Watu wazima wawili kwa watoto sita ni wachache mno majini, na hesabu hiyo haipindishwi kwa maombi.

Mume akisema "lakini wewe ndiye unayejua vitu viko wapi", jibu ni kumwonyesha vilipo usiku huo huo.

*Umefaulu kama:* ukimuuliza yeyote "kesho kazi yako nini?" anajibu bila kukutazama usoni.

## Hatua ya 4: Pika kidogo, pika kavu

Chakula cha ziwani kinaharibiwa na joto na mchanga. Wali wa nazi au pilau uliopikwa alfajiri, ukakaa kwenye hotipoti vuguvugu hadi saa tisa, ni mwaliko wa kuharisha. Chakula kibichi kilichokatwa nyumbani, kama kachumbari, nacho hakivumilii.

Beba vinavyostahimili: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, karanga, ndizi, machungwa. Chungwa halihitaji sahani wala kisu, na juisi yake mtoto aliyecheza juani anaihitaji. Kachumbari ikatiwe pale pale, na anayekata anawe kwa sabuni.

Ukitaka ugali wa muhogo, beba unga usongwe huko. Si kazi kubwa na sufuria moja inatosha. Kisamvu cha mawese kipikwe nyumbani, kifike cha moto sana na kiliwe mapema, kabla ya samaki. Kama ziwa limefungwa au mwezi umeng'aa, chukua kuku, mpike akaive kabisa nyumbani, mweke kwenye deli lenye barafu, na ukifika umbabue tu kwenye makaa apate harufu ya moshi mpaka awe moto hadi ndani.

Maji yachemshwe jana yake yapate kupoa. Maji ya ziwa yanavutia kwa uangavu wake, lakini mkoa huu umewahi kulia kwa kipindupindu, na uangavu si usafi. Hata vyombo usivisuuze kwa maji ya ziwa kisha ukalie.

## Hatua ya 5: Usafiri, na mapatano ya kurudi

Ondokeni saa mbili asubuhi. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo saa zetu na jua haviendi sawa na vya Dar: mwezi Juni jua linachomoza karibu saa moja, linafika utosini saa saba mchana badala ya saa sita, na linazama karibu saa moja jioni. Maana yake ni kwamba jua kali linaanzia saa tano hadi saa tisa. Ukifika saa tano umefika wakati wa kutafuta kivuli.

Kwa watu wanane na mizigo, Noah moja ya kukodi mara nyingi inakaribiana na bajaji mbili kwa gharama, na mtafika pamoja. Patana kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, lipa nusu, na mtaje saa ya kuwachukua iwe saa kumi na moja kasorobo. Mnaotegemea daladala za Katonga au Ujiji, msingoje ya mwisho. Ikijaa haina pa kukaa mtu mwenye mkeka, jiko na watoto wanne waliolala.

## Hatua ya 6: Mkifika, hakuna mtoto kulowa mpaka maji yapimwe

Watoto watakimbia. Wapewe muhogo kila mmoja, wakae mkekani chini ya macho ya bibi, dakika kumi na tano tu.

Mtu mzima anayejua kuogelea achukue ile fimbo aingie majini akiwa amevaa viatu. Asiende mbele moja kwa moja. Atembee sambamba na ufukwe, kwanza maji yakimfika magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni, akigongagonga chini mbele yake. Anatafuta vitu viwili: vitu vikali, na mahali ambapo fimbo inazama ghafla.

Hilo la pili ndilo la hatari hasa. Tanganyika ni ziwa la bonde la ufa. Mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi za mwambao wake hazina mteremko wa taratibu. Unatembea maji ya magotini hatua sita, ya saba haina sakafu. Mtoto aliyezoea bwawa hajui hilo, na hata mgeni mzima kutoka pwani ya bahari, aliyezoea maji yanayokupwa na ufukwe mrefu wa mchanga, hulikuta hivyo hivyo.

Baada ya kupima, chomeka vijiti viwili mchangani, umbali wa hatua 15 hivi. Watoto wanaoga kati ya vijiti hivyo tu, na maji yasizidi kiuno cha mtoto husika. Waonyeshe kwa mkono. Waambie warudie kwa midomo yao.

Penye mawe, mikono isiingizwe kwenye mianya. Nyoka wa maji huishi humo akivua samaki; hana ugomvi na mtu, lakini ana sumu.

*Umefaulu kama:* mtoto mdogo kuliko wote anaweza kukuonyesha kwa kidole mwisho wa "nyumba" yake ya majini.

## Hatua ya 7: Zamu ya macho

Aliyevaa filimbi ndiye mlinzi. Hana kazi nyingine. Hapigi picha, hachochei moto, hasemi na mtu akiwa ameyapa maji mgongo, simu yake iko kikapuni, na hajanywa bia. Zamu ni nusu saa, kwa sababu zaidi ya hapo macho yapo lakini akili imekwenda sokoni.

Makabidhiano yafanywe kwa sauti. Anayetoka anavua filimbi, anahesabu vichwa, anasema:

"Baba Neema, wako watano. Wote wapo."

Anayepokea naye anahesabu kabla ya kuivaa: "Watano. Nimewaona."

Itaonekana kama mchezo wa kuigiza. Fanyeni hivyo hivyo. Ajali nyingi za majini hutokea penye watu wazima wengi, kila mmoja akiamini mwenzake anaangalia.

Aliye chini ya miaka mitano awe umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu mzima aliye *ndani* ya maji. Mlinzi wa nchi kavu hamfikii kwa wakati.

Anayezama hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, unaingia na kutoka, mikono inabonyeza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi, na yuko kimya. Inaweza kwisha chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa na kelele akanyamaza ghafla, nenda.

Ukimwona anazama: piga filimbi, mrushie dumu ukiwa umeshika kamba, umvute. Usimrukie kama hujui kuogelea vizuri. Atakukumbatia mzame wote.

Akitolewa hapumui: mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, mbane pua, mpulizie pumzi tano mdomoni ukiangalia kifua kikiinuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi mbili, tena 30, bila kukoma, mwingine akipiga 114 au 112 na kutafuta gari la kuwapeleka hospitali ya mkoa ya Maweni. Ile desturi ya kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo iacheni, inapoteza dakika na kumsukumia matapishi mapafuni. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali aangaliwe.

Tyubu za gari: upepo ukitoka nchi kavu, tyubu na mtoto wake vinaelekea Kongo huku yeye akifurahia safari. Zifungwe kamba inayoshikwa na mtu mzima, au zisitumike.

## Hatua ya 8: Zamu ya mama iwe ya kwanza

Akina mama wengi hujiwekea nafasi ya mwisho: "nitaingia jioni, watoto wakishiba". Jioni haifiki. Ikifika, ina taulo za kukunja, mtoto wa kuvalishwa na dereva anayepiga honi. Kwa hiyo vijiti vikishachomekwa tu, wa kwanza kuingia majini ni wewe, saa tatu na nusu au saa nne, jua likiwa bado la upole na ziwa, mara nyingi, halijaamka na upepo wa mchana. Lisaa limoja. Filimbi iko shingoni mwa mwingine.

Kuhusu vazi, dera na kanga iliyofungwa kifuani ni za kukalia mkekani. Majini dera linajaa maji, linakuvuta na kukuzonga miguuni, na kanga inafunguka ukiwa unashika mtoto. Vaa taiti ya rangi nzito na fulana ya mikono mirefu isiyo kubwa, funga kilemba kidogo, na baibui au dera liwe juu ya jiwe likikusubiri. Umejisitiri, na miguu iko huru.

Hujui kuogelea? Usiogelee. Kaa chini mahali ambapo ukikaa maji yanakufika kifuani, nyoosha miguu, mawimbi yakubembeleze mgongo. Maji ya Tanganyika yana uvuguvugu mwaka mzima, hata Julai, kwa hiyo unaweza kukaa muda mrefu. Vaa miwani uinamishe uso penye mawe: utaona samaki wadogo wa njano, wa bluu, wenye mistari, wanaolinda vijumba vyao. Zaidi ya aina 200 za jamii hiyo zimo ziwani humu na karibu zote haziishi ziwa lingine duniani. Watu wa Ulaya wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Wewe wako hapo magotini.

Wakija kukuuliza chumvi iko wapi, nyoosha kidole kwa shangazi.

Mwenye kichanga anyonyeshe kwanza, kisha amkabidhi bibi kivulini. Asimwingize mtoto mchanga ziwani; kumlowesha miguu kwa maji safi ya dumu kunatosha kumfurahisha.

## Hatua ya 9: Moto na mgebuka

Jiko liwekwe upande ambao upepo unatokea kwenu kwenda kwenye jiko, hatua kumi kutoka kwenye mkeka, watoto wasipite katikati.

Samaki anunuliwe asubuhi hiyo mwaloni, Kibirizi au Katonga. Mgebuka mzuri macho yake yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Macho yakiwa yamedumbukia, mwache hata akiwa nusu bei. Wapara samaki pale pale wakutolee matumbo, kisha aingie kwenye deli lenye barafu mara moja.

Chanja mbavu zake mikato mitatu kila upande, pakaa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache nusu saa. Ngoja makaa yawe na majivu meupe juu. Wavu upakwe mawese na upate moto kwanza, samaki hatashika. Mlaze, usimguse dakika nane hivi, mgeuze mara moja tu. Anayegeuza kila dakika huishia na makombo. Ameiva nyama inapoachana na mfupa bila kubembelezwa na imekuwa nyeupe hadi ndani.

Wote wale saa saba, jua likiwa utosini, majini hamna mtu hata mmoja. Mlo huu ndio mapumziko ya walinzi pia. Wadogo walale mpaka saa tisa.

Onyo la makaa: ukimaliza, yazime kwa maji mengi mpaka yaache kutoa sauti. Usiyafukie mchangani. Mchanga unayaficha na kuyahifadhi moto kwa saa nyingi, na wa kuyakanyaga ni mtoto wa familia itakayofuata, au wako mwenyewe anayekimbia bila viatu.

## Hatua ya 10: Kukauka na kuondoka

Kila anayetoka majini afutwe kwa taulo papo hapo, kwa kusugua, hasa miguu, katikati ya vidole na kwenye pindo za nguo. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache, na kukauka haraka hupunguza vinavyopata nafasi, ingawa hakuviondoi vyote. Ndiyo sababu ya taulo nane. Na waambie watoto bila kuona haya: haja ndogo na kubwa si za majini, kwa maana mzunguko wa kichocho unaanzia hapo.

Saa kumi na nusu filimbi ya mwisho. Wote nje, nguo kavu, sweta. Jioni si wakati wa kuwa majini kwenye ziwa lenye mamba. Taka zote kwenye kiroba, na kiroba kirudi nanyi. Jua litazama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja. Mnaotaka kulitazama litazameni mkiwa juu mkekani, dereva ameshaarifiwa.

## Hatua ya 11: Siku na wiki zinazofuata

Usiku huo waogeshe kwa maji safi na sabuni, angalia nyayo kama kuna mikato, na wasikose chandarua. Anayeharisha apewe ORS. Akitapika kila kitu, akiwa na macho yaliyoingia ndani au kinyesi chenye damu, usingoje asubuhi.

Muwasho wa vipele siku ya kwanza au ya pili unaweza kuwa wa kichocho. Homa, kikohozi na uchovu wiki tatu hadi nane baadaye pia vinaweza kuwa vyake, navyo hufanana sana na malaria, kwa hiyo kituo cha afya wataje ziwa, wasiishie kupima malaria peke yake. Hata asiyeumwa, baada ya miezi miwili hivi apimwe choo na mkojo. Kabla ya hapo mayai huenda yasionekane. Dawa ni praziquantel, ipo, na kipimo chake hutolewa kwa uzito au urefu wa mgonjwa. Mpeleke kila aliyeingia majini, na wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza kwenye foleni, kwa kuwa safari hii nawe uliloa.